Kidole Hakisomeki

"Mama, wewe huna alama."

Kijana wa kusajili laini alinitangazia hivyo chini ya mwavuli wake, hapa Sanje, kwa sauti iliyofika hadi kijiwe cha bodaboda. Masikio bado yananiwaka. Vidole vyangu kumi vilikuwa mezani pake, vyote vimehudhuria. Simu ilikuwa imezama jarubani, nami nilitaka tu laini yangu irudi na hela zilizomo.

Dole gumba la kulia: nyekundu. La kushoto: nyekundu. Shahada, cha kati, cha pete, hadi kile cha mwisho ambacho kazi yake maishani ni kuchokoa sikio, nacho kikakataliwa. Foleni ikageuka kamati. Mmoja akasema nitie mate. Mwingine nikisugue kwenye nywele, kipate mafuta. Muuza karanga akatoa mafuta ya mwanawe. Mzee mmoja akashauri kidole kioshwe kwa soda, na hakuwa anatania. Nikatia, nikasugua, nikapaka, nikaosha. Kijana akafuta kioo kwa fulana yake, akakikandamiza kidole changu mpaka kucha ikawa nyeupe. Nyekundu.

"Vimeisha, mama."

Usiku nikaazima simu, nikasoma habari za vidole mpaka chaji ikakata. Kumbe ile mistari mtu huumbiwa akiwa tumboni, na hata mapacha wa kufanana hawafanani hapo. Na mashine yenyewe, kama nyingi za aina ile, ina ujanja wa kupendeza. Chini ya kioo kuna taa inayomulika kwa mshazari. Pasipoguswa, mwanga unagonga kioo na kurudi wote, panabaki peupe. Ngozi inapogusa, mwanga unapotea, panakuwa peusi. Kidole chako kwake ni shamba la matuta. Halafu programu haina haja na shamba zima: inatafuta tu mahali tuta linapokatikia na mahali linapogawanyika mawili, inapima nafasi zake, inazigeuza namba, na namba hizo ndizo zinazolinganishwa na zile ulizoacha siku ya kitambulisho cha taifa. Nilivutiwa kiasi cha kusahau hasira. Kisha nikafika penye maelezo kwamba ngozi kavu haishikani na kioo, na kwamba kazi za mikono husaga matuta hadi mashine isione kitu. Yanaota upya, yaleyale, ukiipumzisha mikono.

Kijana naye alikuwa ameniambia hivyo: wiki mbili bila kushika jembe, na mafuta kila usiku. Katikati ya palizi! Nikamwuliza kama magugu nayo yatapumzika. Akasema hilo si la mtandao.

Juu yetu, katika milima ya Udzungwa, anaishi tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, wakampa jina la kijiji chetu: mangabe wa Sanje. Ana vidole kumi vyenye mistari, na hapalilii. Angesajiliwa kwa mguso mmoja. Jirani yake mbega mwekundu angekwama, maana dole gumba lake ni kinundu tu.

Cheko liliniishia nilipofika kwenye historia ya chapa za vidole. Mwaka 1858 huko Bengal, mtawala Mwingereza William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai apige chapa ya kiganja kizima kwenye mkataba, asije akaukana. Miaka ya 1920, wanaume Waafrika wa Kenya walitembea na cheti kiitwacho kipande shingoni, chapa za vidole vyao zikiwa ndani. Zamu ya laini zetu kusajiliwa kwa vidole ilifika 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni yeye, mara nyingi, ni mwenye kazi ya mikono. Bonde hili la Kilombero linakata miwa kwa panga na kupanda mpunga kwa kuinama. Chai ya ofisini inakorogwa sukari yetu, wali wa mchana ni wetu, halafu kifaa kinachopenda vidole vya ofisini kinatuambia hatupo, na fedha zetu zimo humo humo ndani ya laini.

Wala si vidole tu: simu ya binti yangu inayofunguka kwa sura ilimkataa alipojitanda kanga, ikamfungukia mdogo wake.

Huduma kwa wateja iliniimbia muziki mpaka nikasinzia.

Mwishowe nimepata laini mpya kwa jina la mpwa wangu, ambaye alipata taa ya kijani kwa mguso wa kwanza, kwani tangu azaliwe hajashika mpini. Namba ya siri aliweka yeye. Jana mnunuzi alinirushia hela ya gunia la mpunga wa mwaka jana, ikakatwa kabla sijaigusa: mwenye laini alishakopa humo siku aliyoiazima simu kidogo. Ujumbe ulikuja kwa jina lake, ukimpongeza kwa kulipa mapema na kumwongezea kiwango cha kukopa.