Vitenzi vya Wenyewe

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikaingia nchini humo kikakaa. Wenyeji hawakukifukuza, wala vitenzi vyao vingi hawakuvitupa. Ndiyo maana leo kuanza tu kuna “begin” ya kienyeji na “commence” ya kuletwa. Gharama ya ukarimu huo anailipa shemeji yangu, mtu wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii jijini Arusha.

Kiingereza anakijua vizuri. Kinachomtesa ni kwamba jambo alilozoea kulibeba zima, Waingereza wamelikata vipande. Kwetu mtu hufungua mlango, hufungua duka, na redio pia hufungua. Basi mgeni mmoja alipiga simu kutoka chumbani kwake kwamba televisheni haiwaki. Shemeji, kwa adabu zote, akamwambia anamtuma kijana sasa hivi aje ku-“open” televisheni. Mgeni akaona bisibisi. Akaanza kusihi: jamani, haijaharibika, huenda ni betri za rimoti tu! Kijana alipobisha hodi alimkuta amesimama mbele ya televisheni, mikono kaitandaza, hataki iguswe. Alichopaswa kuambiwa ni “switch on”, yaishe.

Jikoni nako kuna mitego yake. Mpishi mkuu, mgeni kutoka ng'ambo, aliacha karatasi yenye agizo la ku-“dress” kuku. Msaidizi wake alikuwa anaijua “dress” ya gauni. Akamgeuza kuku huku na huku, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kwa ajili ya harusi. Kumbe kitenzi hicho nacho kilitoka kwenye Kifaransa, na asili yake ni kuandaa. Mtoto huvalishwa kwa kutiwa nguo. Kuku “huvalishwa” kwa kunyonyolewa manyoya na kutolewa matumbo.

Wanaokijua Kifaransa nao hawako salama. Mgeni wa Lubumbashi alifika kaunta akatangaza kuwa “ana-demand” glasi ya maji. Kwa Kifaransa alikuwa ameomba kistaarabu kabisa. Kwa Kiingereza ilisikika kama mgomo wa wafanyakazi. Maji yaliletwa mbio, na meneja nyuma yake.

Cha ajabu, palipogawanywa na Kiswahili vilevile, shemeji hababaiki. “Say” na “tell” huwasumbua watu wengi duniani, lakini yeye ana kusema na kuambia. Kama vile hawezi kutamka “alinisema” akimaanisha “aliniambia”, maana hapo amesengenywa, ndivyo asivyoweza kusema “he said me”. Kujifunza na kufundisha pia amezitenganisha, “learn” huku na “teach” kule, ingawa zama za Shakespeare Waingereza wenyewe walitumia “learn” kwa maana zote mbili bila kuchapwa na mwalimu. Lakini mguse kwenye kuazima! Anayeomba kalamu husema “niazime”, aliyeipata husema “nimeazima”, kitenzi ni kilekile. Kwa hiyo “lend” na “borrow” zinapomjia, hupepesa macho kwanza, halafu huchagua ile isiyo yake.

Juzi alipata faraja. Mzungu mmoja, mwanafunzi hodari wa Kiswahili, alifika mapokezi mvua inanyesha akasema kwa ufasaha: “Samahani kaka, naomba kukopa mwavuli.” Kamusi yake ilimpa kuazima na kukopa chini ya “borrow” ileile, haikumwambia kwamba kitu cha kuazima hurudi chenyewe, na cha kukopa hurudi kwa malipo.

Shemeji alimkabidhi mwavuli kwa mikono miwili, akachomoa kalamu na daftari.

“Karibu sana, kaka. Utalipa mwisho wa mwezi, au nikuandikie kidogo kidogo?”