Maamkizi ya Mitambo

Mtu atakaye kununua risiva ya sinema ya nyumbani, nami nakusudia ile ipokeayo picha na sauti kutoka kila chombo cha sebuleni, ikaipeleka picha kwenye televisheni na sauti kwenye spika, wala si ile ya dishi, sharti ajiweke tayari kupokea elimu asiyoiomba. Hapa kwetu Tanga, katika barabara za Ngamiani zilizopewa namba badala ya majina, sabufa moja yenye taa za rangi huhesabiwa kuwa neema ya kutosha mtaa mzima, na aghalabu mtaa mzima hushirikishwa neema hiyo bila ya kuombwa ridhaa. Lakini mpwa wangu, kijana aliyekaa Dubai muda wa kutosha kujifunza kuvidharau vitu vyetu, alishikilia kwamba televisheni yangu kubwa ilikuwa bubu, na kwamba heshima yangu katika ukoo haitatimia mpaka nipate risiva yenye matundu ya HDMI.

Muuza duka tuliyemfikia Kariakoo alikuwa na ulimi uliopakwa asali. "Shikamoo mzee wangu, karibu, hapa ndipo mwisho wa kuhangaika," alisema, kisha akaligonga kwa kiganja boksi lililoandikwa wati elfu moja kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Mpwa wangu akamwuliza wati hizo zilipimwa spika ngapi zikiwa kazini kwa pamoja. Maana mtengenezaji mwenye insafu hupima spika mbili na kusema kwamba ni mbili, ilhali ziwapo saba nguvu ile ile hugawanywa, na asiye na insafu huandika nguvu ya kufumba na kufumbua, ambayo haitoshi hata kumaliza ubeti mmoja wa taarabu. Muuza duka alitazama dari kwa taadhima kubwa, akatuletea soda.

Kulikuwa na nyingine iliyotoka Marekani, ya bei ya kuvutia na sura ya kiungwana, iliyokwisha tumika. Nyuma yake, karibu na waya wa umeme, palikuwa na kibandiko kidogo kilichosema volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mpwa wangu aliirudisha rafuni kwa mikono miwili, kama mtu arudishaye mtoto wa watu kwa mama yake, na muuza duka akakiri kwamba ile ilihitaji transfoma, ambayo kwa bahati njema naye alikuwa akiiuza.

Ndipo tukafika kwenye matundu. Waya huu wa HDMI, wenye sindano 19 katika ncha yake, ulitangazwa mwaka 2002 na kampuni zilizokuwa zikishindana sokoni, Sony, Philips, Toshiba na wenzao, na tangu hapo umezaa matoleo yenye namba, kila moja likimfanya mzazi wake aonekane mshamba: lile la mwaka 2013 lilipitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na la mwaka 2017 likafika 48. Mnunuzi hudhani kwamba risiva iliyoandikwa namba mpya ni mpya kila mahali. Sivyo. Ile tuliyoichukua, kwa bei ambayo kwa staha ya mke wangu siitaji hapa, ilikuwa na matundu sita ya kuingizia, yote ya umbo moja, rangi moja na upana mmoja, walakini ni la kwanza tu lililokuwa na kasi ya toleo jipya. Habari hiyo iliandikwa kwenye kijitabu, ukurasa wa nyuma, kwa herufi zinazohitaji miwani ya mtu mwingine juu ya yako.

Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba mitambo hii, mfano wa watu wa pwani, haianzi shughuli bila ya maamkizi marefu. King'amuzi hakitoi hata nukta moja ya picha mpaka kiiulize televisheni hali yake, kioo chake kina ukubwa gani, rangi zipi inazijua, sauti za namna gani inaziweza. Kisha hudai ithibati ya siri kwamba hapana mwizi wa sinema aliyejificha katikati. Na risiva, ikikaa baina yao, hupokea swali huku ikapeleka jibu kule. Akiwapo mmoja asiyeyajua maamkizi ya zama hizi, picha hukataa kutoka, au hutoka ikiwa imepunguzwa daraja.

Nilikuja kuyaona hayo kwa macho siku Simba na Yanga zilipokutana, nami nimewaalika wazee wa baraza letu wote, na kahawa ipo jikoni. Umeme ulikatika kabla ya mapumziko, ukarudi. Televisheni, risiva na king'amuzi vikaamka kwa pamoja, kila kimoja kikimwamkia mwenziwe ambaye bado hajafumbua macho, na jibu lilipokuja mwulizaji alikuwa amekwisha kununa. Sauti ya mtangazaji ilitujia mbele, nyuma na ubavuni, safi isiyo na mkwaruzo, lakini kioo kilibaki cheusi. Mzee mmoja, baada ya kusikiliza kwa utulivu, aligeuka akanishika goti. "Bwana," akasema, "redio yako hii ina sauti nzuri mno."

Fauka ya hayo, mke wangu aliifunika risiva kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya pembeni, kama alivyovifunika king'amuzi, jagi na redio ya marehemu baba yake, kwani hakiachwi kitu uchi katika sebule ya watu wenye adabu. Matundu ya kupumulia ya risiva yako juu. Ilifanya kazi nusu ya filamu, ikapata moto, ikajizima kwa kujihami; fundi akaja, akakiinua kitambaa kwa vidole viwili, akatoza nauli.

Siku hizi king'amuzi kimechomekwa kwenye televisheni moja kwa moja, huamkiana nayo ana kwa ana, na sauti hurudi kwenye risiva kwa waya mmoja uliochomekwa katika tundu lake la kutolea picha, ufundi ulioletwa na toleo la mwaka 2009 na ambao risiva ya nusu ya bei hii ingeuweza bila ya kutoka jasho. Yale matundu sita ya kuingizia ni matupu. Mpwa wangu huliita jambo hilo israfu, na tangu arejee Dubai hapigi simu hata moja bila ya kuuliza, baada ya "shikamoo mjomba" na kabla ya habari za watoto, kama lile tundu la kwanza limepata kazi.