Mbio za Kubana Matumizi

Mtu anayenunua gemu la mbio za magari, kwa akili yangu, ananunua ruhusa ya kukanyaga mafuta. Hana sababu nyingine. Nani akae kwenye foleni ya Barabara ya Mandela tangu saa kumi na moja jioni, afike nyumbani giza limeshaingia, ale ugali wake, halafu ashike pedi ili aendeshe taratibu? Taratibu tunayo ya kutosha, tena ya bure. Mimi nilitaka lami tupu na mguu mzito. Nikakabidhiwa matairi manne niyalee.

Kwa wale waliobarikiwa kutojua, gemu za siku hizi zina mambo ya kuisha kwa matairi. Pembeni mwa skrini kuna picha ya matairi manne, kila moja na mstari wake. Unaanza mistari imejaa. Unakata kona, inapungua. Unafunga breki, inapungua. Ukijidai kuserereka kidogo ili kona ipendeze, picha inageuka nyekundu na mstari unashuka kama uniti za LUKU siku ya kupiga pasi sare za shule. Na mstari ukishafika chini, gari halikusikilizi tena. Unageuza usukani kulia, gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda, kwenye mchanga.

Silitaji jina la gemu lenyewe. Waliolitengeneza hawajanikosea kwa namna ambayo mahakama ingeielewa.

Mwalimu wangu katika haya ni mpwa wangu wa kidato cha nne, aliyeletwa kwetu ili apate utulivu wa kusoma. Alikaa pembeni akanitazama nikiendesha, hakusema kitu kwa muda mrefu, halafu akatoa hukumu.

"Mjomba, wewe unaua tairi."

"Tairi la kwenye TV linauawaje?"

Akanieleza, na kinachoniudhi ni kwamba alieleza vizuri. Tairi haliishi kwa sababu limezunguka, linaisha kwa sababu limeburuzwa. Ukigeuza usukani kuliko uwezo wa mpira kushika lami, tairi la mbele linaacha kugeuka na kuanza kusagwa. Ukikanyaga mafuta kwa pupa ukiwa unatoka kwenye kona, tairi la nyuma linazunguka pale pale bila kusukuma gari, na kila mzunguko huo ni mpira uliotupwa. Gari linalovutwa na matairi ya mbele linayaonea hayo mawili, maana yanavuta na yanageuza kwa wakati mmoja, huku ya nyuma yakifuata tu kwa starehe. Porsche 911 ni kinyume chake, kwa sababu injini imekaa nyuma kabisa, hivyo ya nyuma ndiyo yanayolia. Na juu ya yote kuna joto. Mpira ukiwa baridi haushiki, ukichemka sana haushiki pia. Kuna kijinafasi katikati ambapo tairi linafurahi, na kazi yako ni kulitafutia furaha hiyo mbio nzima.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Funga breki mapema, Mjomba. Usukani uuzungushe polepole. Mafuta ukanyage kidogo kidogo. Gia pandisha kabla injini haijapiga kelele. Na ukikaribia kona, achia mafuta uliache gari litambae lenyewe kabla hujagusa breki."

Yote hayo nilishaambiwa chuo cha udereva, na mtu aliyekuwa na leseni. Sikumlipa yule bwana wakati ule ili nije kununua mafunzo yaleyale kwa bei ya mfuko mzima wa mchele na mafuta yake, nifundishwe na mtoto anayekula huo mchele.

Halafu kuna suala la sauti. Wajuzi wote wanasema matairi yanasikika kabla ya kuonekana. Yakilia kwa mbali, uko sawa, unatumia kile kilichopo. Yakipiga kelele, unayachoma. Dereva mzuri wa gemu anaendesha kwa masikio. Mimi naendesha baada ya saa nne usiku, watoto wamelala, na mama watoto ameweka sheria kwamba TV isizidi sauti namba tatu, kwa sababu usiku wa kwanza alitoka chumbani akidhani kuna gari limegonga geti. Kwa sauti namba tatu tairi halilii. Linakufa kimyakimya, kiungwana, mimi nikijua nalitunza. Ziko pedi zinazotetemesha kidole breki inapozidi, naambiwa hiyo husaidia wenye shida kama yangu. Pedi yangu nilinunua kwa mtu, mtetemo wake uliishia kwa mwenye nayo wa kwanza.

Ukishakubali kwamba matairi yanaisha, unaletewa balaa la kuchagua ya kuanzia. Kwenye gemu za Formula 1 mambo yamewekwa kama yalivyo kwenye mbio zenyewe. Pirelli ndiye anayeleta matairi ya timu zote tangu 2011, na ameyapaka rangi: laini ni nyekundu, wastani ni njano, gumu ni jeupe. Mvua ndogo ni kijani, mvua kubwa ni buluu. Laini linakimbia sana na kufa mapema. Gumu linaishi miaka, lakini kwenda nalo ni kama unaomba ruhusa. La wastani halina sifa yoyote ya kueleweka, ndiyo maana mpwa wangu analipenda. Na huwezi kuchagua moja ukatulia nalo, kwa sababu kanuni inasema mbio zikiwa kavu lazima utumie aina mbili tofauti. Kwa maneno mengine, wameandika kwenye kanuni kwamba usimame. Mbio ambazo ni marufuku kutosimama! Mwaka 2005 walijaribu kinyume chake, wakakataza kubadilisha matairi katikati ya mbio, seti moja mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata wakairudisha ruhusa. Kumbe hata wao wenyewe hawana msimamo, ila mimi ndiye nisumbuliwe.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, hesabu yenyewe. Mbio halisi za Formula 1 zina kilomita 305 na kidogo, ukiondoa Monaco ambako ni kama 260. Le Mans halisi ni saa 24. Kwa umbali huo, naelewa, mpira lazima uchoke. Lakini nani ana saa 24 za gemu? Nina nusu saa, na hiyo nusu saa naipata kwa hila. Watengenezaji wanalijua hilo, na badala ya kunionea huruma wanaongeza kasi ya kuisha kwa matairi ili hata mbio fupi ziwe na maumivu kamili. Ukichagua robo ya urefu, tairi linaharakishwa kuisha ili mkakati usipotee. Anayeandaa mbio za mtandaoni anaweza kuzidisha mara kadhaa kwa kubofya tu. Gari la nje pale uani, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, hutembea maelfu kwa maelfu ya kilomita juu ya matairi yaleyale, kwenye mashimo, kwenye matuta, kwenye jua la Januari. Gari la mamilioni ya dola lililo kwenye skrini linamaliza matairi kabla chai yangu haijapoa.

Enzi zetu haikuwa hivi. Need for Speed ile ya Underground, ya 2003, tuliyokuwa tunacheza kwa mshikaji mwenye kompyuta, gari lilikuwa na taa za rangi chini ya tumbo na matairi ya milele. Ikaja Most Wanted mwaka 2005, humo matairi yakawa yanapasuka, lakini kwa sababu ya maana: polisi wametega miba barabarani. Tairi lilikuwa na adui anayeonekana. Leo adui wa tairi ni mimi mwenyewe nikifurahi.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba haya mambo ya kutunza ni woga, na nikamtolea mfano mkubwa: Lewis Hamilton, Istanbul, Novemba 2020. Lami ilikuwa mpya, inateleza, na mvua juu yake. Hamilton alivaa matairi ya mvua ndogo akayaendesha mizunguko kama 50, mpaka mifereji yote ikafutika yakabaki vipara. Na kwa kuwa barabara ilikuwa inaelekea kukauka, vipara ndivyo vilivyotakiwa. Akashinda, akachukua ubingwa wa saba, akalingana na Michael Schumacher. Trafiki wa Tabata angemsimamisha mtu huyo kabla ya taa za kwanza, lakini dunia nzima ilimpigia makofi.

"Endelea, Mjomba," akasema. "Mwaka uliofuata?"

Hapa ndipo unapojua kwamba kulea mtoto wa dada ni kulea wakili wa upande wa pili. Oktoba 2021, uwanja uleule, mvua ileile, Hamilton akataka kurudia. Timu inamwita aingie piti kubadilisha matairi, yeye hataki, wanabishana redioni, mpaka wakamshawishi aingie mizunguko michache kabla ya mwisho. Alikuwa wa tatu, akamaliza wa tano, akatoka akilalamika. Mpwa wangu aliyasimulia hayo kwa utulivu, kama daktari.

Lakini nami sikuwa mikono mitupu. Siku hiyohiyo, kwenye mbio hizohizo, yupo Mfaransa anaitwa Esteban Ocon, ambaye hakuingia piti kabisa. Mizunguko yote 58 kwa seti moja! Jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Mika Salo alipofanya hivyo Monaco mwaka 1997. Ocon alimaliza wa kumi.

"Pointi moja, Mjomba."

"Pointi ni pointi."

"Na matairi yalikuwa yanakaribia kupasuka."

"Yalipasuka?"

Hakujibu. Nauhesabu huo kuwa ushindi wangu wa pekee katika nyumba hii mwaka huu.

Nikajaribu kuukimbia mpira wa lami kabisa, nikahamia rali. Kuna gemu la rali la mwaka 2023 ambalo ndani yake ipo Safari Rally ya Kenya, ile iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na makao yake yakiwa Naivasha. Nikasema hapa ni kwa majirani, vumbi, twiga, hakuna hesabu. Hesabu ndiyo kwao. Unachagua matairi laini au magumu kabla ya kuanza, ukiwa hujaiona njia. Ukishaingia porini, jiwe halikuulizi umechagua nini. Nikapata pancha katikati ya vumbi lisilo na mwisho, nikawaza kwamba Naivasha ya kweli angalau angetokea kijana mwenye jeki.

Nikarudi kwenye lami, kwa sababu huko mateso nimeshayazoea. Na sasa ni lazima niwaambie jinsi mpwa wangu anavyonishinda, maana si kwa kasi. Kama angekuwa ananipita kwa kasi ningenyamaza. Mimi huanza na laini, natoka mbele, naona vioo vyote vitupu. Yeye anaanza na gumu huko nyuma, anaendesha huku anakula karanga. Nakuwa wa kwanza, nakuwa wa kwanza, nakuwa wa kwanza. Kisha gari langu linaanza kukataa kona, mara ya kwanza kwa adabu, halafu waziwazi. Injinia wa kwenye gemu ananiambia kwa Kiingereza cha upole kwamba matairi yangu yamechoka, taarifa inayonikuta niko kwenye mchanga. Naingia piti. Pale piti napewa sekunde za kutazama watu wanne wasio na haraka wakifunga mpira mpya, na kwenye vioo vilivyokuwa vitupu anapita mtu na karanga zake.

Nimemwambia huo si udereva, ni uhasibu. Akasema ndiyo, Mjomba, na akaniuliza kama nimemaliza na pedi.

Juzi, kabla ya mbio za nusu saa za Le Mans nilizokuwa nimezipania wiki nzima, nikaenda kuomba rasmi. Nilimweleza mama watoto kila kitu: kwamba tairi lina sauti, kwamba bila sauti sijui linapochoka, kwamba sauti namba tatu inanigharimu mbio, na kwamba naomba namba nane kwa dakika thelathini tu. Nikamweleza na joto la mpira. Nikamweleza habari za tairi la mbele kushoto, ambalo kwenye kona nyingi za kulia ndilo linalobeba mzigo wote na kutangulia kuisha.

Alinisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho kilitakiwa kunitia wasiwasi.

"La mbele kushoto," akasema.

"Ndiyo."

"Hata la gari lililopo hapo nje, mume wangu. La mbele kushoto limetoka nyuzi. Fundi alikwambia tangu kabla ya Ramadhani."

Nikamjibu kwamba nalijua, na kwamba hilo nalitunza: nafunga breki mapema.