Namna ya Kumaliza Msimu na Timu Ndogo ya Nyumbani

Kwa shabiki wa Kericho na Bomet anayetaka kuanza na timu yake siku ya mechi ya kwanza na bado awe nayo ya mwisho ikichezwa.

1. Chagua timu unayoifikia kwa boda boda. Gor Mahia na AFC Leopards wana watu wa kuwalilia. Arsenal ndiyo usiseme. Lakini vipaji viko hapa hapa: Zoo ya Kericho ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na Silibwet ya Bomet ikafika Supa Ligi, daraja la pili nchini.

2. Vaa kwa ajili ya mvua, si ya picha. Kericho imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mvua yake hupenda alasiri, saa zile zile za mpira. Huku pia ni nchi ya mvua ya mawe inayojulikana duniani. Vaa mabuti ya mpira na koti zito. Mwavuli ufunge ukiwa mbele. Aliye nyuma yako naye amelipa. Mawe yakisimamisha mechi, ngoja. Mwenye shamba ana ruhusa ya kusikitika, maana mawe hayo hayo yanararua majani ya chai.

3. Lipa langoni. Usipite kwa sababu kipa ni binamu yako. Ukimpenda binamu, lipa mara mbili. Nauli, maji, dawa ya misuli na chakula cha wachezaji vyote vinangoja tikiti yako. Bonasi ya chai ikitoka, nunua jezi siku hiyo hiyo, kabla pesa hazijazoea mfuko.

4. Safiri na timu. Katika ligi ya timu 18 kila timu hucheza mechi 34, na 17 kati ya hizo ni za ugenini. Nenda hata moja. Mkiwa mashabiki watatu, imbeni kama thelathini.

5. Mpokee mfungaji kwa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni. Wanariadha wetu wakirudi na medali tunawangoja na kibuyu. Kijana aliyefunga bao kwenye tope hadi magotini naye amekimbia. Mpe kibuyu, hata kama bao lilikuwa la kusawazisha.

6. Mpigie refa kelele, usimguse. Refa akipigwa, timu ndiyo hulipa faini, na faini hiyo ilikuwa nauli ya mechi ijayo.

7. Kuwa macho. Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa Zoo kwenye Ligi Kuu na kuishusha daraja kwa kosa la kupanga matokeo. Jasho la miaka likapotea kwa uamuzi mmoja. Mnunuzi wa mechi humtafuta mchezaji ambaye hajalipwa. Basi uliza kwenye mkutano wa timu: vijana wamelipwa? Hesabu ziko wapi? Na wewe mwenyewe usiweke dau kwenye mechi ya timu yako, hata shilingi kumi.

8. Ikishuka, shuka nayo. Daraja la chini lina uwanja, mpira na vijana kumi na mmoja kama la juu. Kinachokosekana mara nyingi ni watu. Wikendi hii kuna mechi karibu na kwako: nenda, lipa, na ukae mpaka kipenga cha mwisho.