Ainisho la Muda la Wabeba Shanta wa Rarotonga

Mbeba shanta, kwa maana itakayotumika humu, ni msafiri ambaye mali yake yote iko mgongoni, ratiba yake haiko popote, na ndala zake zinaning'inia nje ya begi zikikauka. Wataalamu waliotutangulia, yaani wenye nyumba za wageni, madereva wa teksi na wauza shanga wa Nungwi, humwainisha kwa vigezo vitatu: ukubwa wa begi, urefu wa ndevu na muda anaoutumia kubishania bei. Vigezo hivyo vinafaa Unguja. Vinafaa hata Lamu, ukiongeza cha nne kuhusu punda. Rarotonga havifai, na kosa si la wataalamu bali la kisiwa.

Rarotonga ndicho kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Cook, nchi inayojitawala tangu 1965 kwa makubaliano maalumu na New Zealand. Ukubwa huo usimtishe mtu: ni kilomita za mraba 67. Barabara kuu, Ara Tapu, inakizunguka kisiwa kwa kilomita 32 kisha inarudi ilikoanzia. Katikati imesimama milima, mrefu zaidi ukiwa Te Manga wenye mita 658. Pembeni kuna maji matulivu yaliyozingirwa na mwamba wa matumbawe. Ng'ambo ya mwamba ni Pasifiki, na ng'ambo ya Pasifiki kwa upande wa kusini-magharibi, yapata kilomita 3,000, ndiko Auckland.

Hapo ndipo taaluma inapoanza. Mbeba shanta huishi kwa umbali. Akichoshwa na mji huu anahamia wa pili. Akigombana na mwenzake wa chumbani anapanda basi la usiku. Rarotonga inamnyang'anya silaha hiyo uwanjani kabla hajatoka. Anayeingia hutakiwa awe na tiketi ya kuondokea na mahali pa kulala alipokwisha kupapanga, na kupiga hema ufukweni hakuruhusiwi. Kwa hiyo shanta, chombo kilichobuniwa kumpeleka mwanadamu asikokujua, hubebwa dakika chache hadi hosteli ambayo jina lake limekwisha kuandikwa kwenye fomu, na huko husukumwa chini ya kitanda. Mbeba shanta amebaki bila cha kubeba. Tunachokiainisha humu ni vile kila mmoja anavyoumudu msiba huo.

Tuseme pia, kwa haki, kwamba kisiwa kiliwahi kuwajua wasafiri wa daraja la juu zaidi. Kwa mapokeo ya wenyeji, mitumbwi saba iliondoka mlango wa bahari wa Avana, upande wa mashariki, ikaelekea nchi ambayo leo ni New Zealand. Vyombo vya aina hiyo watu wa pwani yetu wasivishangae: mrengu wa ngalawa ni wa ukoo mmoja na wa huko, kwani mabaharia wa jamii hiyohiyo pana ya lugha walivuka Bahari ya Hindi hadi Bukini. Wale wa Pasifiki walisafiri na magimbi, mashelisheli, kuku na mbwa, wakiongozwa na nyota. Tukiwaweka kwenye ainisho hili, hakuna mtu mwingine atakayebaki na daraja la kujivunia, kwa hiyo tumewaacha nje.

Mgawanyo wa kwanza, ulio mkuu, unatolewa na basi. Mabasi ya kisiwa ni ya namna mbili, na kila moja limeandikwa mbele namna yake: linalozunguka kwa mwendo wa saa na linalozunguka kinyume cha saa. Hakuna njia nyingine. Binadamu wote wa Rarotonga wasio na chombo chao wamo katika makundi haya mawili, na mbeba shanta huchagua kundi lake siku ya kwanza, mara nyingi kwa sababu basi hilo ndilo lililotangulia kufika.

Tofauti zao si ndogo kama asomaye anavyodhani. Magari hupita kushoto, kama kwetu. Hivyo Mwendo-wa-Saa husafiri kwenye upande wa nje, jirani na bahari, na Kinyume-cha-Saa husafiri upande wa ndani, jirani na mlima. Upana unaowatenganisha ni wa njia moja ya gari. Kwa uchunguzi wetu huo unatosha. Mwendo-wa-Saa hutazama maji, husema mambo ya kuogelea na husinzia. Kinyume-cha-Saa huona nyua za watu: kuku, pikipiki, na makaburi ya saruji yaliyojengwa mbele ya nyumba, kwa kuwa ardhi huko haiuzwi na wazee hawahamishwi. Huyu ndiye atakayekuuliza maswali magumu usiku kuhusu urithi. Wapo pia wanaopanda basi lolote, wakazunguka kisiwa kizima yapata saa nzima, na kushuka walipopandia wakiwa na sura ya mtu aliyefanya jambo. Hao tumewaita Watimilifu.

Kundi la pili ni la waasi, Wakata-Duara. Hawa wamekwisha kugundua kwamba njia pekee ya kutozunguka ni kupasua katikati. Hupanda bonde la Avatiu asubuhi, wakashika mizizi ya miti kama ngazi hadi chini ya Te Rua Manga, mnara wa mwamba wenye kilele cha mita 413, kisha huteremka upande wa kusini, wakivuka kijito kimoja mara nyingi kuliko walivyotarajia, na kutokea kwenye maporomoko ya Wigmore. Safari nzima huchukua saa tatu au nne. Wanaovaa buti hurudi na matope hadi magotini. Wanaovaa ndala hurudi na matope hadi magotini na ndala moja. Kisha wote, bila ubaguzi, husimama barabarani kusubiri basi. Waasi hurejea kwenye duara wakiwa wamelowa.

Hatuwezi kuliacha kundi hili bila kumtaja mwanazuoni mwenzetu, mbwa. Mbwa wa Rarotonga hutembea huru, na wana desturi ya kumchagua mgeni na kumsindikiza, ufukweni au mlimani, bila kuulizwa. Vigezo vyao hatujavielewa. Hawajali begi wala ndevu. Tumeona Mkata-Duara mwenye ramani, filimbi na dawa ya mbu akipuuzwa, na msichana mwenye kipande cha mkate akiongozwa na mbwa wawili. Aitutaki, kisiwa jirani, hakuna mbwa kabisa, na kwa sababu hiyo elimu ya huko iko nyuma.

Wapanga-Skuta tutawapitia haraka, nao hawatajali, kwa kuwa nao hupita haraka. Alama yao ni mguu wenye bandeji.

Kundi adimu, na kwetu lenye thamani kuliko yote, ni la Waliofika Jana. Rarotonga na Auckland zimetenganishwa na mstari wa tarehe. Ndege huondoka Auckland Jumanne asubuhi, huruka takriban saa nne na kutua Jumatatu. Mbeba shanta asiyesoma tiketi kwa makini amepanga kitanda kuanzia Jumanne. Anasimama mbele ya mwenye hosteli kesho yake ikiwa haijafika, katika nchi inayotaka kila mgeni awe na pa kulala, akidai kitanda alicholipia kwa siku ambayo ameshaiishi nusu yake. Sheria zote za kundi la kwanza na la pili husimama hapa. Hana basi la kumfaa, kwani la mwendo wa saa na la kinyume yote hukimbia ndani ya Jumatatu.

Kuhusu lishe, yatosha kusema kwamba vyakula vingi vya dukani huletwa kutoka New Zealand na bei zake zimesafiri navyo. Mbeba shanta hujipikia tambi za pakiti. Huzila chini ya mnazi, hatua chache kutoka jirani anayechemsha rukau, majani ya magimbi katika tui zito ambalo mtu wa Tanga angelitambua kwa harufu tu. Jumamosi, kwenye soko la Punanga Nui mjini Avarua, wachache hujirekebisha kwa sahani ya ika mata, samaki mbichi kwa ndimu na tui.

Jumapili ainisho hili lote husitishwa. Maduka mengi hufungwa na mabasi hupungua. Wabeba shanta wa kila daraja huazimana suruali ndefu na kwenda kanisani, ambako nyimbo za wenyeji hutikisa dirisha na hotuba ni ndefu. Baada ya ibada, wageni mara nyingi hukaribishwa chai. Kina mama wenye sahani wana ainisho lao, lenye makundi mawili tu: aliyekula na asiyekula. Humwuliza kila mgeni yuko lipi, na mbeba shanta, hata awe ametoka kifungua kinywa sasa hivi, hujibu kwamba hajala.