Yah: CV Zinazofanana kama Sare za Shule

Kwa Wakuu wa Idara za Rasilimali Watu,
Mashirika na Kampuni Zote Zenye Nafasi za Kazi za Haraka.

Wasifu wa kazi, ambao mtaani unaitwa CV tu, ni karatasi moja au mbili zinazojibu swali moja la mwajiri: je, huyu ataiweza kazi iliyotangazwa? Kinachojibu swali hilo hukaa juu ya ukurasa, kisichojibu hubaki nje. Kanuni hii ni ya zamani. Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Mtawala aliwaza vita, kwa hiyo Leonardo alianza na madaraja mepesi ya kubebeka, akaendelea na mizinga na magari ya kivita, na uchoraji akauweka karibu na mwisho. Shule aliyosoma hakuitaja, wadhamini watatu hakuwaweka, wala hakuambatisha cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wa wakili. Leo asingeitwa hata kwenye usaili.

Idara hizi hulalamika kwamba CV za vijana wa Tanzania zinafanana. Malalamiko ni ya kweli, na chanzo chake cha karibu ni steshenari iliyo jirani na geti la chuo. Humo kuna faili moja kwenye kompyuta ambalo limeshamhudumia mhasibu, muuguzi na fundi wa maji. Kila mteja hubadilishiwa jina, namba ya simu na mwaka wa kuhitimu. Mengine huachwa yalivyo. Ndiyo maana wahitimu wote wa nchi hii hupenda kusoma vitabu, kusafiri na kuangalia mpira.

Hata hivyo steshenari haikubuni maneno yake. Imeyanakili kwenye matangazo ya Idara zenyewe. Dereva, keshia na meneja hutafutwa kwa sentensi ile ile: awe mwenye kujituma, aweze kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa kwa karibu. Nafasi ya anayeanza kazi hutaka uzoefu wa miaka mitatu. Mwombaji ambaye hakuambiwa atafanya nini asubuhi akifika kazini hana namna ila kurudisha maneno kama alivyoyapokea: anajituma, anahimili shinikizo. Kisha Idara husoma maneno yake yenyewe na kuyaona hayana ladha.

CV inayoonekana hutofautiana na hizo kwenye sehemu ya uzoefu, na hapo ndipo muda wa mwandishi unapostahili kutumika. “Alihusika na shughuli za mauzo” haimwambii mtu kitu. “Alihudumia maduka 40 ya rejareja Temeke na Mbagala, akikusanya madeni kila Ijumaa” inamwonyesha mtu akiwa kazini: kuna kitendo, kuna idadi, kuna mahali. Asiyewahi kuajiriwa naye ana la kuandika, japo steshenari haijui. Kuna mafunzo kwa vitendo, kuna kujitolea, kuna miaka mitatu ya kuandika daftari la duka la mama mdogo. Kuna pia mweka hazina wa kamati ya harusi. Huyu amefuatilia ahadi za watu sitini kwa simu, amepokea mamilioni ya michango, amewalipa mpishi na mwenye ukumbi, na siku ya kuvunja kamati akasoma hesabu mbele ya mashangazi bila kupungukiwa na senti. Idara inayotafuta ofisa mikopo inaweza kumtafuta hadi mwisho wa mwaka bila kumpata, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kazi ya kuandikwa.

Umbo halina mengi. Kazi ya karibuni hutangulia, ya zamani hufuata. Anayeanza hutosheka na ukurasa mmoja, mzoefu na kurasa mbili. Majedwali na visanduku vya rangi huepukwa, maana programu za kuchuja maombi huweza kuvuruga maandishi yaliyomo. Kampuni ya ajira ya Ladders ya Marekani ilipima mwaka 2018 ikapata kwamba mwajiri huitupia CV jicho la kwanza kwa wastani wa sekunde 7.4. Foleni ya kugonga muhuri ni ndefu zaidi.

Kabila, dini na hali ya ndoa hazina kazi kwenye CV. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na ulinzi wake humfikia hata anayeomba kazi tu. Idara inayouliza mambo hayo kwenye fomu zake hukusanya kwa bidii taarifa isizoruhusiwa kuzitumia. Utumishi wa umma una utaratibu wake: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa umri wa miaka 45, hutaka vyeti vilivyothibitishwa na hukataa hati za matokeo. Huko mwombaji hufuata tangazo neno kwa neno.

Uongo nao ni njia ya kuonekana, tena ya uhakika. Ripoti ya uhakiki wa vyeti ya Aprili 2017 ilibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ikumbukwe kwamba wote hao maombi yao yalishawavutia waajiri.

Kwa hiyo Idara zinaombwa, kabla ya tangazo lijalo, ziandike wasifu wa kazi yenyewe kwenye ukurasa mmoja: inafanyika wapi, kwa saa ngapi, inalipa kiasi gani, na aliyekuwepo aliondoka kwa sababu gani. Zisiambatishe hati za matokeo. Zisipopata maombi ndani ya wiki mbili, zihesabu kuwa hazikufanikiwa. Ni zile tu zitakazokidhi vigezo ndizo zitakazojulishwa.

Nakala: Mwenye steshenari, jirani na geti la chuo.