Muulize Shangazi Waya

Shikamoo Shangazi. Mimi napiga video za harusi. Nimejinyima mpaka nikanunua SSD ya nje, boksi limeandikwa megabaiti 1,000 kwa sekunde. Ajabu, nikihamishia harusi moja ya gigabaiti 100, inakula zaidi ya dakika arobaini. Aliyeniuzia Kariakoo anaapa kwa mama yake mzazi kwamba si feki. Nimepigwa?
Aliyechoka Kusubiri, Temeke

Marahaba mwanangu. Kabla hujamfuata kijana wa watu na mgambo, niambie: ule waya mfupi mgumu uliokuja ndani ya boksi uko wapi? Ninavyowajua nyinyi watu wa harusi, uliusahau ukumbini, na sasa unatumia waya wa chaja ya simu, mrefu na laini, kwa sababu eti nao unaingia.

Kuingia unaingia. Ila hesabu yako mwenyewe imekuumbua: gigabaiti 100 kwa dakika arobaini na kitu ni kama megabaiti 40 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000. Kichwa cha USB-C kina nafasi ya pini 24, lakini nyaya nyingi za kuchajia zina njia za umeme na jozi moja tu ya data. Zile jozi nne za kasi hazimo kabisa. Anayechaji simu hazihitaji, na mtengenezaji hapendi kulipia shaba isiyoulizwa. Wala usidhani ni mambo ya vibandani tu: Apple walipotoa iPhone 15 Pro mwaka 2023, simu ilikuwa na uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, na waya waliouweka ndani ya boksi ulikuwa wa USB 2.0.

Linaloniudhi ni kwamba laptopu haikwambii kitu. Inashusha kasi kimya kimya na kuendelea na kazi, wewe unabaki kumtukana muuzaji.

Sasa nenda dukani, lakini usiulize "orijino", maana Kariakoo nzima ni orijino. Uliza gigabiti 10, na namba hiyo uione imeandikwa, 10Gbps, kwenye kichwa au kwenye boksi. Gawanya kwa nane upate baiti, toa kidogo ya gharama za njiani, utaona ndipo ile megabaiti 1,000 ya SSD yako inapotoka. Mwenye duka akianza kukusifia wati, mwache amalize, kisha rudia swali lako. Wati ni habari za umeme. Waya wa wati 240 unaweza kabisa kuwa wa USB 2.0 kwenye data. Urefu usizidi mita moja. Ukifika nyumbani, jaribu matundu yote ya laptopu, kwa sababu baadhi ya laptopu zina matundu mawili yanayofanana sura huku moja likiwa na kasi kuliko jingine. Yakikubaliana yote matatu, yaani tundu, waya na SSD, harusi yako itahama kwa dakika mbili tatu.

Shangazi, mimi sikutaka ubahili. Nilinunua waya wa Thunderbolt 3, mita mbili, gigabiti 40, bei ya kuliza. SSD yangu ya USB ya gigabiti 10 imekuwa kobe! Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Nairobi

Hujakosea, umeonewa. Thunderbolt 3 ikizidi nusu mita hivi huhitaji chipu za kusukuma data njiani ili ifikishe gigabiti 40, na nyingi za nyaya hizo zikiunganishwa na kifaa cha USB cha kawaida hurudi kwenye USB 2.0. Ndiyo, waya ghali kuliko zote dukani unafanya kazi ya waya wa chaja. Thunderbolt 4, iliyotangazwa mwaka 2020, imeondoa balaa hilo. Muuzie mwenye diski ya Thunderbolt halisi, nawe ununue wa gigabiti 10.

Shangazi, SSD yangu ni ya gigabiti 20, lakini MacBook yangu inaipa 10 tu. Nyaya nimebadilisha mpaka aibu. Nani mkosaji?
Mwenye Kinyongo, Unguja

Mac nyingi haziukubali mtindo wa USB 3.2 wa gigabiti 20. Hushuka hadi 10. Waya hauna kosa. Acha kununua.

Binti yangu unayejiita Shangazi, mimi nahifadhi kanda zangu za taarabu kwenye diski ya kuzunguka. Kijana wa dukani anataka kuniuzia waya wa gigabiti 40.
Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa

Shikamoo mzee wangu. Diski ya kuzunguka kwa kawaida hata megabaiti 300 kwa sekunde haifiki. Wa gigabiti 5 unakutosha na chenji inabaki. Huyo kijana mwambie mimi nimemkataza.

Je, waya wa bei chee unaweza kuunguza laptopu?
Mwoga, Dodoma

Unaweza. Mwanzoni mwa 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akipima nyaya za USB-C zinazouzwa mtandaoni, alichomeka mmoja ukamharibia Chromebook Pixel yake pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Alipoukagua akakuta njia ya umeme na ya ardhi zimebadilishana. Tena ulikuwa ukiuzwa kama waya wa kasi, na zile njia za kasi hazikuwamo! Kwa hiyo ule usio na jina wala namba, uliofungwa kwa mpira wa pesa, waachie wenyewe.

Na wewe uliyeniandikia mara tatu ukiuliza kama waya uliosukwa kwa uzi una kasi kuliko wa plastiki: hapana. Ule uzi ni nguo tu, data haiuoni. Chagua rangi uipendayo.